Mwaka wa Nne Shuleni: Kiswahili Kutoka Lugha ya Kufundishia Hadi Somo, Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii humwonya mtu dhidi ya kukitupa kilicho chake kwa kukitamani kinachopita. Katika shule za msingi nchini Kenya upo mwaka ambapo mtoto hutakiwa kufanya jambo linalokaribia hilo. Mwaka huo ni wa nne, ulioitwa darasa la nne chini ya mfumo wa 8-4-4 na ambao sasa huitwa Gredi ya 4. Kwa mujibu wa sera, mtoto hufundishwa kwa lugha ya eneo la shule yake kwa miaka mitatu ya kwanza. Kuanzia mwaka wa nne, masomo yote isipokuwa ya lugha hufundishwa kwa Kiingereza.

Kwa mtoto wa jiji la Nakuru, lugha hiyo ya eneo ni Kiswahili. Kwa hivyo anapoingia Gredi ya 4, Kiswahili hakipotei shuleni, bali hubadilishiwa kazi. Jana kilikuwa lugha ya kujifunzia kuhesabu, kujua mazingira na kuelewa dini. Leo ni somo moja miongoni mwa masomo mengine. Makala haya yanafafanua kile anachofundishwa mwanafunzi wa mwaka wa nne katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, pamoja na mwalimu anayemfundisha. Hoja kuu ni kwamba kivuko hiki cha lugha kimeamuliwa kisera bila ya kuandaliwa kimafunzo, na kwamba mzigo wote umeachiwa ulimi wa mwalimu.

Mwaka wa nne katika historia

Mwaka wa nne ulikuwa kizingiti katika elimu ya Kenya hata kabla ya uhuru. Ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilijenga mfumo wa miaka 4 ya msingi, 4 ya kati na 4 ya sekondari. Mwishoni mwa mwaka wa nne mtoto Mwafrika alifanya mtihani wa mchujo. Waliofaulu waliendelea na shule ya kati, na wengi wa waliosalia walirudi nyumbani. Katika maeneo ya walowezi kama vile Njoro, Molo, Rongai na Naivasha, kurudi nyumbani kulimaanisha mara nyingi kurejea katika kambi za vibarua wa shamba. Huko Kiswahili kilikuwa ndicho kiunganishi cha watu waliotoka Kavirondo, Kikuyu, Kipsigis na kwingineko.

Kizingiti cha lugha nacho si kipya. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986), anaeleza kuwa miaka yake 4 ya kwanza shuleni ilikuwa na upatanifu baina ya lugha ya darasani na lugha ya kijijini kwao Limuru. Hali hiyo ilibadilika baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari mwaka wa 1952, Kiingereza kilipokuwa lugha ya elimu yake. Ushahidi huo unafaa kukumbukwa kwa sababu anayetoa habari hizo ni mtu aliyefaulu katika lugha mpya, na bado alikuwa akihesabu gharama ya badiliko lile.

Kuanzia mwaka wa 1957 ulianzishwa mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde (1964) ikauunga mkono. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ndiyo iliyorudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza. Tangu hapo mpaka wa lugha umekuwa mwanzoni mwa mwaka wa nne. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilipata hadhi ya somo la lazima linalotahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Hatua hiyo ilikuwa ushindi mkubwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, ni muhimu kutanabahi kuwa ulikuwa ushindi wa Kiswahili kama somo. Mpaka wa mwaka wa nne haukusogezwa.

Mtaala wa Umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia Januari 2019, uliurithi mpaka huo. Kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 4 mwaka wa 2020. Mwezi Machi mwaka huo shule zilifungwa kutokana na maradhi ya korona. Zilipoanza kufunguliwa tarehe 12 Oktoba 2020, waliorejea kwanza walikuwa wanafunzi wa darasa la nane, kidato cha nne na Gredi ya 4. Wawili wa kwanza walikuwa wanakabili mitihani ya kitaifa. Wa tatu hawakuwa na mtihani wa aina hiyo mwaka ule, lakini walikuwa watangulizi wa mtaala mpya. Kundi hilo ndilo lililofanya mtihani wa kwanza wa kitaifa wa Gredi ya 6 mwaka wa 2022 na wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025.

Anachofundishwa mwanafunzi wa Gredi ya 4

Mtaala wa Umilisi ulipoanza, Gredi ya 4 ilikuwa na masomo mengi kiasi kwamba wazazi na walimu wengi walilalamika. Jopokazi la Rais la mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kuwasilisha ripoti yake mwaka wa 2023, lilipendekeza yapunguzwe. Kufuatia mageuzi hayo, masomo yamekuwa 8: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, na Sanaa Bunifu.

Kiswahili kimetengewa vipindi 4 kwa wiki, na Kiingereza vipindi 5. Kila kipindi ni dakika 35. Kwa hesabu hiyo, Kiswahili hupata dakika 140 kwa wiki, yaani saa 2 na dakika 20. Mtoto ambaye katika Gredi ya 3 alikuwa akielezwa karibu kila jambo kwa Kiswahili sasa ana haki ya kukitumia kwa muda huo tu.

Ndani ya vipindi hivyo 4, mtaala umepangwa katika stadi za kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, na sarufi. Mwanafunzi hukutana na aina za maneno, nyakati za vitenzi na upatanisho wa kisarufi kwa mujibu wa ngeli. Aidha, hujifunza kusoma ufahamu na kuandika insha fupi. Haya ni mambo ya msingi, na mwalimu hodari huyafanya yapendeze.

Mfano ulio wazi zaidi wa kile kinachohama hupatikana katika Masomo ya Jamii. Somo hili katika Gredi ya 4 humhusu mtoto na kaunti yake: milima na maziwa yake, watu wake, shughuli zao za kiuchumi na uongozi wao. Kwa mtoto wa Nakuru hii ni hazina kubwa. Kaunti yake, iliyokuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019, ina kreta ya Menengai, Ziwa Nakuru, Elementaita na Naivasha, mlima Longonot, maeneo ya kale ya Hyrax Hill na Kariandusi, msitu wa Mau, na mitambo ya umeme wa jotoardhi huko Olkaria. Mambo haya mtoto huyaona au huyasikia yakitajwa nyumbani kwa Kiswahili. Anajua kuwa Ziwa Nakuru limefurika na kumeza nyumba za watu. Anajua ni wapi viazi hutoka na lori huelekea wapi. Anapofika darasani, ujuzi huo hauna budi kubisha hodi upya kwa Kiingereza.

Hali ni iyo hiyo katika Hisabati na Sayansi. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 hujifunza sehemu, desimali, mzingo na eneo. Hujifunza pia kuhusu wanyama, mimea na hali za maada. Istilahi za Kiswahili za mambo haya zipo. Vitabu vya shule za msingi za Tanzania vimetumia kwa miaka mingi maneno kama kiasi na asili kwa tarakimu za juu na chini za sehemu, mzingo kwa jumla ya urefu wa pande za umbo, na yabisi kwa kitu kigumu kisichotiririka. Ni wanafunzi wachache wa Kenya wanaopata kuyasikia, hata miongoni mwa wale wanaochukua shahada ya ualimu wa Kiswahili.

Isitoshe, kazi za mwaka huu zina uzito. Mtihani wa Gredi ya 6 ulipoanza mwaka wa 2022, ulitengewa asilimia 40 ya alama, na asilimia 60 zikatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6. Maana yake ni kwamba mtoto alianza kupimwa kwa lugha mpya katika mwaka ule ule alioanza kufundishwa kwayo. Akikosa jibu, alama haielezi kama hakujua jambo au hakujua neno.

Nani anayemfundisha?

Katika madarasa matatu ya kwanza, kwa kawaida mwalimu mmoja hushinda na darasa lake kutwa. Anawajua watoto kwa majina na kwa nyumba zao, na huweza kuunganisha alichosema asubuhi katika Hisabati na anachosema baadaye katika Kiswahili. Kuanzia mwaka wa nne, shule nyingi hutumia ratiba ya walimu wa masomo. Mtoto hukutana na mwalimu wa Hisabati, kisha wa Sayansi, kisha wa Kiswahili. Kwa hivyo anabadilishiwa lugha na mwalimu kwa wakati mmoja.

Wengi wa walimu hawa walifuzu kwa cheti cha P1, baada ya miaka 2 katika chuo cha ualimu. Tangu mwaka wa 2021 vyuo hivyo vimekuwa vikitoa stashahada ya miaka 3. Wanaoajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu hupangiwa shule na Tume hiyo, na kando yao wapo walimu wanaolipwa na halmashauri za shule kwa michango ya wazazi. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini iliruka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika muda mfupi, na mwalimu wa darasa la nne akajikuta mbele ya watoto wengi kuliko madawati.

Mwalimu wa Hisabati aliyefuzu kufundisha shule za msingi hakusomea Hisabati peke yake. Huenda ndiye huyo huyo anayefundisha Kiswahili katika Gredi ya 5 au ya 6. Ana lugha mbili kinywani, na anajua ni ipi inayoeleweka. Ndipo hutokea lile ambalo kila aliyesomea katika shule za umma za Nakuru analifahamu. Mwalimu hutamka istilahi kwa Kiingereza na kuiandika ubaoni. Akiona macho yameduwaa, hueleza kwa Kiswahili: chapati ikikatwa vipande vinne vilivyo sawa, ukila kimoja, vimebaki vingapi? Watoto hujibu kwa sauti moja. Kisha hurudi kwenye Kiingereza na kuwaamuru waandike.

Wanaisimu huliita jambo hili kubadili msimbo. Mara nyingi huzungumziwa kama udhaifu wa mwalimu au uvivu. Ukweli ni kwamba katika darasa la namna hiyo, sentensi ile ya Kiswahili ndiyo iliyobeba somo, na ile ya Kiingereza ikabeba jina la somo. Kasoro haiko katika kubadili msimbo bali katika kukosa mpango. Mwalimu hakufundishwa ni wakati gani wa kubadili, ni istilahi gani ya Kiswahili aitumie, wala namna ya kumrejesha mtoto kwenye Kiingereza bila ya kumwacha nyuma. Kila mmoja hubuni yake, na mwingine huona haya mkaguzi anapoingia.

Ni haki pia kusema kuwa sera yenyewe haifuatwi kikamilifu hata katika miaka mitatu ya kwanza. Shule nyingi za kibinafsi hufundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na hata katika shule za umma vitabu vya Hisabati vya madarasa ya chini huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Gredi ya 1 tayari ni mfasiri. Tofauti ni kwamba katika Gredi ya 1 tafsiri hiyo inaruhusiwa, na katika Gredi ya 4 huvumiliwa tu.

Darasa moja, lugha nyingi

Yaliyosemwa hadi hapa yanamhusu zaidi mtoto wa jijini, katika mitaa kama Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na Kivumbini, ambaye huenda Kiswahili, pengine chenye Sheng, ndicho lugha anayoitumia zaidi. Nje ya jiji hali hubadilika. Katika Subukia na Bahati husikika zaidi Kikuyu. Katika milima ya Baringo, na kuelekea Kericho na Bomet, hutawala lahaja za Kikalenjin. Narok ni kwa Wamaasai, na katika Nessuit na Mariashoni, pembezoni mwa msitu wa Mau, wanaishi Waogiek. Molo, Kuresoi na Njoro zimechanganya jamii hizi katika darasa moja.

Mchanganyiko huu una athari mahususi katika somo la Kiswahili. Mtoto wa Kikuyu hufika darasani akiwa na ngeli katika lugha yake: mũtĩ na mĩtĩ zimekaribiana mno na mti na miti, na upatanisho hautakuwa ajabu kwake. Mwenzake Mkipsigis husema ketit kwa mti na ketik kwa miti. Lugha yake ni ya Kinailoti. Umoja na wingi hudhihirika mwishoni mwa neno, na haina mfumo wa ngeli wa Kibantu. Mwalimu anapoandika "mti huu umeanguka, miti hii imeanguka", mtoto wa kwanza anapewa maumbo mapya ya kanuni anayoijua, na wa pili anapewa kanuni yenyewe. Kwa upande wa matamshi, Kikalenjin hakitofautishi kifonolojia sauti p na b, wala t na d, wala k na g, ilhali Kikuyu hakina tofauti ya l na r. Makosa ya tahajia ya watoto hawa si uzembe. Ni ramani ya lugha zao za kwanza, na mwalimu aliyesomea isimu anaweza kuisoma.

Hali kadhalika, mwalimu aliyehamishiwa Baringo kutoka Nyandarua hana Kikalenjin. Kwake Kiswahili ndicho daraja la pekee kati yake na watoto. Katika shule kama hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya eneo kisheria, lakini ndicho kinachomvusha mtoto kutoka lugha ya nyumbani hadi Kiingereza. Sera inataja lugha mbili. Darasa lina tatu.

Mafunzo kutoka kwingine

Matatizo ya mwaka wa nne si ya Kenya pekee. Mtaalamu wa usomaji wa Marekani, Jeanne Chall, alionyesha kuwa watoto wengi hudorora wafikapo mwaka wa nne. Sababu aliyoitoa ni kwamba miaka ya kwanza huwa ya kujifunza kusoma, na baada ya hapo huwa ni kusoma ili kujifunza. Watoto hao walidorora bila kubadilishiwa lugha. Mtoto wa Nakuru hukabiliana na badiliko hilo la usomaji na la lugha kwa pamoja. Naye Jim Cummins wa Kanada alitofautisha lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto huimudu baada ya takriban miaka 2, na lugha ya taaluma, ambayo huhitaji miaka 5 au zaidi. Mtoto aliyesomeshwa Kiingereza kama somo kwa miaka 3 hajafika huko.

Majirani wa Kenya wamechukua njia nyingine. Tanzania Bara imetumia Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka wa 1967, hivyo mwanafunzi wa darasa la nne hana mpaka wa kuvuka, ingawa mpaka huo humngoja sekondari. Uganda, katika mtaala wake ulioanza mwaka wa 2007, hutumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya kwanza, na darasa la nne likafanywa mwaka wa mpito, ambapo mtoto huhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Mpango huo una matatizo yake katika utekelezaji, lakini umekiri jambo ambalo Kenya haijalikiri, kwamba kivuko huchukua muda. Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioanza mwaka wa 2015 uliinua usomaji wa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, ila ulilenga madarasa matatu ya kwanza. Msaada uliishia pale hasa ugumu unapoanzia.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi Kiingereza kiondolewe katika Gredi ya 4. Wazazi wa Nakuru wanakitaka, na wana sababu. Kinachopendekezwa ni kwamba mbacha usitupwe kabla ya msala kufika. Kwanza, mwaka wa nne utambuliwe kuwa wa mpito, na mwalimu wa Sayansi au Masomo ya Jamii apewe idhini ya wazi ya kueleza kwa Kiswahili na kutathmini ufahamu kwa lugha zote mbili. Pili, vyuo vya ualimu vifundishe kubadili msimbo kama mbinu yenye kanuni. Tatu, iandaliwe orodha ya istilahi za Kiswahili za Hisabati, Sayansi na Masomo ya Jamii za kiwango hiki, zilinganishwe na zile za Tanzania, na ziwekwe mikononi mwa walimu.

Pendekezo la tatu halihitaji kusubiri serikali. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu, na vina vyuo vikuu vilivyo karibu na shule zenyewe. Chuo Kikuu cha Egerton, kwa mfano, kiko Njoro, mwendo mfupi kutoka Nessuit. Wanaosomea isimu wanaweza kurekodi maneno ambayo walimu wa Gredi ya 4 tayari huyatumia wanapofafanua sehemu, mvuke wa Olkaria au kufurika kwa Ziwa Nakuru, wakayachuja na kuyarudisha kwa walimu yakiwa kijitabu. Utafiti wa Kiswahili umezoea kuanzia sekondari, ambako Kiswahili ni somo lenye tamthilia na riwaya. Huko hufika wanafunzi wanaoweza kukisimulia kisa kwa Kiswahili lakini wakashindwa kukieleza kitu kwa Kiswahili hicho hicho. Chanzo cha upungufu huo kiko katika mwaka wa nne, na huko ndiko uchunguzi unakopaswa kuanzia.